Bila Kurudisha

Karatasi ya waliofutiwa masomo ilifika mezani kwa karani wa mitihani saa mbili asubuhi, ingali na joto la mashine, na kazi yake ilikuwa kuibandika ubaoni kabla ya saa tatu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akibandika karatasi za namna hiyo, na hakuwa na desturi ya kuzisoma. Pini nne, moja kila pembe, kisha unaondoka upesi kabla watoto wa watu hawajaanza kulia.

Siku hiyo, alipokuwa ananyoosha pembe ya chini, jicho lake liliangukia mstari wa kumi na mbili. Hapakuwa na majina, namba tu. Lakini namba ile aliijua kama anavyojua mlango wa nyumba yake, maana yeye ndiye aliyeijaza kwenye fomu miaka mitatu iliyopita, kwa kalamu yake, akiwa ameshikilia pumzi ili tarakimu zinyooke. Ilikuwa namba ya binti yake. Mbele yake pameandikwa: *Takwimu, ameshindwa mara ya pili. Aondoke.*

Pini ya tatu ikamponyoka. Nyuma yake wanafunzi walishaanza kusukumana.

"Mzee Kanuni, sogea basi tuone!"

Aliinama akaiokota, akaichomeka. Kisha akachomeka na ya nne. Baadaye, katika majuma yaliyofuata, kitu kilichomsumbua kuliko vyote ni hicho: kwamba baada ya kuiona namba ya mwanawe, bado alihakikisha karatasi imenyooka.

Jina la Mzee Kanuni alipewa na wanafunzi wenyewe. Ofisi ya mitihani ilikuwa na dirisha dogo lenye nondo, na yeye ndiye aliyekaa nyuma ya nondo hizo. Mwanafunzi aliyefeli alikuja pale kuomba aone karatasi yake, au aone majibu sahihi ya mtihani uliopita, ajue alipotelea wapi. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatisha hata mara moja. Kisha alisema kwa upole, "Kanuni hairuhusu, mwanangu." Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa siri ya chuo, mtihani ulio hai na mtihani uliokufa vilevile. Alikuwa amekula kiapo kwa hilo, na alijivunia kwamba katika miaka yote hiyo hakuna hata karatasi moja iliyopita mkononi mwake kwenda nje.

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi. Mkewe alikuwa dobi. Mashati ya watu yalikuwa yamening'inia chumba kizima, meupe, kama kundi la wageni waliosimama bila kuongea. Binti alikaa mezani katikati ya mashati hayo. Hakuwa analia. Alikuwa ameshamaliza.

"Nimeiona ubaoni," alisema. "Pini nne, zimenyooka. Nikajua ni mkono wako."

Baba alivua viatu, akaviweka mlangoni, akavipanga.

"Mwanangu, nilikuwa sijui. Karatasi imekuja leo asubuhi."

"Najua hukujua. Wewe hujui kitu chochote, baba. Unalinda tu." Alisema bila ukali, na hilo lilimuuma zaidi. "Mara ya kwanza nilipata thelathini na nne. Nikasoma mwaka mzima. Umeniona mwenyewe, sikwenda harusi ya mtu, sikwenda popote. Nikapata thelathini na tatu. Mtu anasoma mwaka mzima anashuka?"

"Huenda ulikuwa na hofu."

"Sikuwa na hofu. Nilitoka chumba cha mtihani ninacheka." Aligeuza kiti akamtazama. "Sikuombi uniibie mtihani. Umeshapita, umekufa, umezikwa. Nataka kujua nilikosea wapi, basi. Nikijua, hata nikifukuzwa nitafukuzwa nikiwa na akili zangu. Sasa hivi sijui kama mimi ni mjinga au vipi."

Maneno yale yalikuwa yamekaa ulimini mwa karani kwa miaka ishirini na miwili, na yalitoka yenyewe kabla hajayazuia.

"Kanuni hai..."

Mkewe aliiweka pasi juu ya kibao kwa kishindo.

"Malizia," alisema. "Malizia tukusikie. Humu ndani hakuna nondo, Mzee, uko kwenye meza ya nyumba yako."

Hakumalizia. Binti alikusanya madaftari yake, akaingia chumbani.

"Wenzake wana makaratasi," mkewe alisema kwa sauti ya chini, huku anarudisha pasi kwenye kola. "Majibu ya miaka ya nyuma. Wanayapata kwa mtu anayejuana na mtu. Walimpa hata yeye, akakataa. Unajua alisemaje? Alisema, mimi ni mtoto wa Mzee Kanuni."

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, wenzake walipotoka, karani alifungua ghala.

Karatasi za mitihani zilikaa humo miaka saba kabla ya kuchanwachanwa. Alijua kila rafu. Alivuta furushi la Takwimu, akatafuta namba, akaitoa karatasi ya binti yake. Aliishika kama mwizi, naye kweli alikuwa mwizi wakati ule. Kiapo kilikuwa kinavunjika pale pale, kimya kimya, kati ya rafu ya nne na ya tano.

Swali la nne lilikuwa la lazima, na lilibeba alama thelathini. Binti aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Juu yake palikuwa na mkwaju mwekundu kutoka pembe hadi pembe, na alama mbili. Karani aliutoa mwongozo kwenye bahasha yake. Jibu la mwongozo lilikuwa sifuri nukta nne tisa. Jibu la binti lilikuwa sifuri nukta nne sita saba, na vipengele vyote vilivyofuata, vilivyotegemea hilo la kwanza, vilikwenda na maji.

Basi alikosea. Karani alihisi ahueni ya ajabu, kisha akaionea aibu.

Alikuwa anairudisha karatasi alipoliona neno. Yeye hakujua hesabu, alikomea sekondari. Lakini maisha yake yote alikuwa mtu wa herufi, na herufi ikikaa vibaya ilimchoma jichoni kama kibanzi. Katika mwongozo, mstari wa pili, aliyechapa alikosea akaandika "uwezekeno." Karani alitabasamu. Akavuta karatasi ya mwanafunzi mwingine, mmoja aliyepata thelathini kwa thelathini. Mstari wa pili: "uwezekeno." Akavuta nyingine. "Uwezekeno." Alivuta karatasi tisa za waliofaulu swali lile. Saba zilikuwa na kosa lile lile la tahajia, mahali pale pale.

Alikaa chini, juu ya sanduku la bahasha tupu. Miaka ishirini na miwili hakutoa karatasi hata moja, na majibu yalikuwa nje siku zote.

Akalinakili swali nyuma ya kipande cha karatasi, akaondoka nalo mfukoni.

"Lifanye hili," alimwambia binti jioni ile.

Binti aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. "Umelitoa wapi?"

"Lifanye."

Swali lenyewe halikuwa refu. Sanduku lina balbu kumi, tatu mbovu na saba nzima. Fundi anachukua balbu mbili, moja baada ya nyingine, bila kurudisha ya kwanza. Kuna uwezekano gani zote mbili ziwe nzima? Binti aliandika mistari mitatu, akamsukumia. Sifuri nukta nne sita saba.

"Nina hakika," alisema kabla hajaulizwa.

"Na mtu akipata nne tisa?"

"Basi hakusoma swali. Nne tisa ni kama fundi amechukua balbu ya kwanza, akaitazama, akairudisha sandukuni. Hapa wamesema harudishi. Soma mwenyewe, baba. Bila kurudisha."

Karani alisoma. Neno lilikuwepo. Alilala na neno hilo, na siku ya pili alirudi ghalani akavuta mitihani ya nyuma, mwaka hadi mwaka. Swali lilikuwa lile lile, balbu zile zile. Mwalimu wa Takwimu hakuwa akitunga mtihani, alikuwa akiuhamisha. Katika mtihani wa mwaka wa saba nyuma, ule wa chini kabisa kwenye rafu, swali lilisema: *kisha anairudisha*. Mwaka uliofuata mtu alibadilisha maneno hayo mawili. Mwongozo hakuugusa. Tangu hapo, miaka sita, jibu sahihi lilikuwa linasahihishwa kuwa kosa, na kosa linapewa thelathini kwa thelathini, na hakuna aliyejua kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuona.

Kwa siku nne hakula mchana. Alipitia mafurushi yote, akiandika kwenye daftari dogo namba za wale waliojibu kama binti yake na wakafutwa chuoni kwa somo hilo. Walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mmoja alikuwa mwanawe.

Mkuu wa Mitihani alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye desturi ya kuwakaribisha watumishi wake chai. Karani alimwomba nafasi kwa barua iliyotaja swali la nne na mwongozo wake, na siku alipoitwa alimkuta mwalimu wa Takwimu naye amekaa hapo, mguu juu ya mguu. Alikuwa daktari wa falsafa, na wote walimwita Daktari.

Karani alieleza akiwa amesimama. Alieleza kila kitu, hata kuvunja kiapo. Daftari aliliacha mfukoni.

Daktari aliuchukua mwongozo, akausoma. Ilimchukua muda mfupi sana. Karani aliona rangi ya shingo yake inabadilika.

"Kosa la uchapaji," alisema Daktari.

"Ndiyo, Daktari. La miaka sita."

"Na wewe umepataje uwezo wa kulisahihisha? Umesomea Takwimu wapi?"

"Sikusomea. Binti yangu amesomea. Amesomeshwa na wewe."

Mkuu wa Mitihani alikohoa kidogo, akamiminia chai kikombe cha tatu, akakisogeza upande wa karani. "Kaa, mzee wangu. Hakuna anayegombana hapa. Daktari, jambo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," Daktari alisema. "Lakini hatua aliyoichukua huyu ni hatari kuliko kosa lenyewe. Leo karani anafungua bahasha, kesho nani? Ndiyo maana majibu hayatolewi. Ukimpa mwanafunzi majibu ya mwaka jana, anakariri, haendi tena darasani kufikiri. Tutatoa wahitimu kasuku."

"Waliokariri ndio waliofaulu, Daktari," karani alisema. Hakujua kama angeweza kusema hivyo mpaka alipokuwa ameshasema. "Waliofikiri wamefukuzwa."

Nje mtu alikuwa anakokota meza juu ya sakafu.

"Sikiliza," Mkuu wa Mitihani alisema hatimaye. "Binti yako hakutendewa haki. Nitaitoa namba yake kwenye orodha wiki hii. Tutasema alama zilijumlishwa vibaya, hutokea. Daktari atarekebisha mwongozo kuanzia sasa. Na wewe utasaini hapa, kwamba hukuwahi kufungua bahasha yoyote." Aliisukuma karatasi. Ilikuwa imeshachapwa. "Umebakiza mwaka mmoja na nusu ustaafu. Sitaki uondoke mikono mitupu baada ya utumishi wote huu."

"Na wale wengine?"

"Wengine wapi?"

"Waliofutwa kabla yake."

Mama yule alimtazama kwa huruma ya kweli; hakuwa mtu mbaya. "Hao wameshaendelea na maisha yao, mzee. Tukilifukua hili, kila shahada iliyotoka hapa kwa miaka sita itatiliwa shaka. Nenda nyumbani. Uniletee Ijumaa."

Katika wale kumi na mmoja, wa tatu alikuwa na anwani ya mtaa wa karibu. Karani hakuwa na mpango wowote kichwani. Alitaka tu kuona kama kweli wameendelea na maisha yao. Nyumbani kwao alielekezwa kwenye jengo lililokuwa linajengwa nyuma ya kituo cha maji, na huko akamkuta mwanamume wa miaka kama ishirini na minane akipiga plasta ukuta wa ndani.

"Wewe ulisoma chuo?" karani alimuuliza baada ya salamu.

Fundi alicheka bila kugeuka. "Nani kakwambia? Hapa wananiita Profesa kwa kunidhihaki. Nilisoma kidogo. Kikanishinda."

"Somo la Takwimu."

Mwiko ulisimama ukutani. Fundi aligeuka taratibu, akamtazama usoni, akamtazama tena.

"Wewe ni Mzee Kanuni."

"Ndiye mimi."

"Nilikuja dirishani kwako mara tatu," fundi alisema. "Mara ya tatu nilikuja na mama. Alitoka mbali, amevaa viatu vya kuazima. Ukamwambia kanuni hairuhusu. Akakushukuru. Unakumbuka?"

Karani alijaribu. Alitafuta kichwani mwake mama mwenye viatu vya kuazima, na hakumpata. Walikuwa wengi mno dirishani.

"Sikumbuki," alisema.

"Mimi nakumbuka."

Ndipo karani akamweleza. Aliposema kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, fundi alichota plasta, akaitupa ukutani, akaisawazisha kwa mikono miwili, kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Alifanya hivyo mpaka ndoo ikaisha.

"Nilimwambia mama kwamba mimi sina akili ya chuo," alisema akiwa bado amekabili ukuta. "Nilimwambia ili asiendelee kuuza vitu vyake kwa ajili ya ada. Aliniamini. Amefariki akijua mwanawe hana akili." Alijifuta uso kwa mkono, simenti ikabaki shavuni. "Sasa unaniambia hili ili iweje, mzee? Nifanye nalo nini?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, ungekaa nalo."

Karani aliaga. Alipofika kwenye fremu isiyo na mlango bado, fundi alimwita.

"Tuko wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Fundi alitikisa kichwa, kama mtu anayepokea hesabu ya waliofariki, akaanza kukoroga ndoo nyingine.

Alhamisi jioni karatasi ya kusaini ilikuwa mezani, katikati ya mashati. Mkewe aliisoma mara mbili.

"Saini," alisema.

"Wamo kumi wengine."

"Nimesikia. Na mimi nawasikitikia. Lakini hao hawalali humu ndani. Mwaka mmoja na nusu, Mzee. Ukifukuzwa sasa, kiinua mgongo kimekwenda. Tutaishi kwa pasi hii?" Alinyanyua mkono wake wa kulia, wenye alama za kuungua za miaka mingi. "Nina miaka mingapi tena ya kusimama hapa?"

Karani alimgeukia binti. Ukweli ni kwamba alimtegemea yeye. Alidhani mtoto aliyekataa karatasi za wizi atamwambia, baba, usisaini. Na hapo jambo lingekuwa jepesi, lingekuwa la wawili.

Binti alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu wa siku nyingi.

"Saini, baba," alisema. "Nimechoka. Nataka kurudi darasani tu. Wale wengine wakae wajitetee wenyewe. Mimi nimejitetea miaka miwili hakuna aliyenisikia."

"Mwanangu..."

"Hukuwahi kuvunja kanuni kwa ajili yangu. Sasa umevunja, imetusaidia, unataka kuirudisha tena? Saini."

Karani aliikunja karatasi ile, akaitia mfukoni. Wote wawili walidhani amekubali.

Ijumaa asubuhi hakwenda kwa Mkuu wa Mitihani. Alipanda ghorofa ya tatu, kwa katibu wa Baraza la Chuo, akiwa na bahasha aliyoifunga kwa gundi. Ndani yake aliweka nakala ya swali la mwaka wa saba nyuma, nakala ya swali lilivyobadilishwa, nakala ya mwongozo, karatasi saba zenye "uwezekeno," na namba kumi na moja kwa mwandiko wake wa karani. Juu kabisa aliweka barua ya mistari michache, akikiri kwamba amevunja kiapo na kwamba yuko tayari kwa adhabu. Mwishoni aliongeza sentensi moja aliyoifikiria usiku kucha: *Naomba majibu ya mitihani iliyopita yaonyeshwe kwa wanafunzi wote, au yafichwe kwa wote, lakini kwa sasa yanafichwa kwa waaminifu peke yao.*

Katibu alimpigia muhuri wa kupokelewa. Karani aliomba nakala yenye muhuri, kwa mazoea ya kazi.

Aliporudi mezani kwake mchana, mtu mwingine alikuwa amekaa nyuma ya nondo.

Baraza lilichukua majuma tisa. Katika majuma hayo binti hakuzungumza na baba yake. Hakumtukana wala kumkwepa. Alimsalimia asubuhi kama anavyosalimiwa jirani, akampakulia chakula, akamwachia nafasi ya kupita. Mkewe alilia siku moja, siku ya barua ya kusimamishwa kazi, kisha akamfundisha kupiga pasi. "Kola kwanza," alimwambia. "Kisha mabega. Usinichomee shati la mtu." Karani wa miaka ishirini na miwili alichoma mashati mawili wiki ya kwanza, akatumwa kwa wenyewe kuomba radhi. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa chuo. Alilipokea shati, akalitazama, akamtazama yeye, akafunga mlango bila neno.

Siku ya kikao walimkalisha kwenye kiti kilicho mbali na meza. Walimuuliza kama alijua maana ya kiapo. Akasema alijua. Walimuuliza kama alijuta. Alifikiri sana, mpaka mmoja wao akatazama saa.

"Najuta kwamba nilifungua ile bahasha kwa ajili ya mwanangu peke yake," alisema. "Wale kumi walikuja dirishani, sikuifungua."

Hukumu zilikuja mbili, katika bahasha mbili, siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya kwake: ameachishwa kazi kwa kuvunja kiapo cha siri, na nusu ya kiinua mgongo imezuiwa. Ya pili ilikuwa ya binti: karatasi yake imesahihishwa upya na watu wawili kutoka nje, amefaulu, arudi muhula ujao. Chini yake, kwa maandishi madogo, palikuwa na tangazo lililopelekwa vitivo vyote, kwamba kuanzia sasa majibu ya kila mtihani yatabandikwa ubaoni wiki moja baada ya matokeo, na mwalimu hataruhusiwa kurudia swali. Daktari alipewa onyo. Wale kumi waliandikiwa barua. Wanne walirudi. Mmoja alijibu kwamba ana watoto watatu na hana muda. Watano hawakujibu kabisa, na katika hao alikuwemo fundi wa plasta.

Binti aliisoma barua yake akiwa amesimama mlangoni. Akaisoma na ya baba yake, iliyokuwa wazi mezani karibu na pasi. Kisha akakaa kiti cha mbele yake.

"Hamsini na nane," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kwa majuma tisa.

"Nimeona. Hongera, mwanangu."

"Mimi nilikwambia usaini."

"Ulikuwa umechoka."

"Bado ningekwambia." Aliikunja barua yake. "Sijui, baba. Pengine bado ningekwambia."

Karani alizima pasi. Alikunja shati alilokuwa analipiga, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha ukingo. Kisha alisema jambo alilokuwa nalo muda mrefu, na alilisema kwa haya kidogo, kama mtu anayeomba kuazimwa kitu.

"Nifundishe lile swali. Nimefukuzwa kazi kwa ajili ya lile jibu, na mpaka leo silielewi."

Binti alimtazama aone kama anatania. Kisha alinyanyuka, akaleta kibiriti. Alihesabu njiti kumi, akawasha tatu akazipuliza, akazipanga zote mezani: saba zenye vichwa, tatu nyeusi.

"Hizi ndizo balbu. Chukua moja nzima. Itie mfukoni, usiirudishe. Zimebaki ngapi?"

"Tisa."

"Nzima?"

"Sita."

"Basi ukichukua ya pili, nafasi yako ni sita katika tisa. Si saba katika kumi tena. Ile uliyoondoka nayo imebadilisha zote zilizobaki."

Baba alizitazama njiti. Mkewe, nyuma yake, alikuwa ameacha kukunja mashati. Karani alichukua kalamu, akavuta kipande cha karatasi, akaandika kwa mwandiko wake ule wa kazini, herufi zimesimama wima. Aliandika pole pole, midomo ikicheza. Saba katika kumi, mara sita katika tisa. Alizidisha juu, akazidisha chini. Alipomaliza aliigeuza karatasi ikamwelekea binti yake, akangoja, mikono yake ikiwa juu ya meza.

Binti alipitia mstari wa kwanza, akapitia wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

"Umekosea," alisema, akasogeza kiti upande wa baba yake, akaweka kidole juu ya tarakimu. "Hapa."